Nusu Mara Tatu

"Sifuri nukta sifuri sifuri moja sita," alisoma Asajile, kisha akasubiri.

Tusekile Mwaipaja alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, karatasi yake ameifunika kwa kiganja. Kazi yake ilikuwa kuitikia. Kila alfajiri maabara iliwaletea wote wawili namba, kila mmoja akaigeuza kuwa jouli kwa kalamu bila kuona karatasi ya mwenzake; asubuhi Asajile Mwandemele aliisoma namba hiyo, halafu Tusekile akataja jibu kwa sauti. Majibu yakifanana, Asajile aligonga muhuri, na namba ikateremshwa shimoni kwa wahandisi. Walikuwa wamefanya hivyo kwa miaka sita katika Kituo cha Ombwe cha Lusungo, na kwa miaka sita majibu yao hayakuwahi kutofautiana.

"Sifuri nukta sifuri sifuri moja sita," alirudia Asajile. "Mama Lugano, umesinzia? Hii hata mtoto wa darasa la nne anaitafuna. Kumi na sita, mwenzangu! Imekuja imeshakatwakatwa, imebaki kutia chumvi tu."

Tusekile alikaza kiganja juu ya karatasi yake.

Asajile aliacha kutabasamu. Alikaa wima, maana sheria ilitaka namba isomwe mara tatu, na mara ya tatu isomwe kwa utulivu. "Sifuri. Nukta. Sifuri, sifuri, moja, sita."

"Siitikii," alisema Tusekile.

Neno hilo halikuwahi kutamkwa katika chumba kile. Msomaji wa pili akikataa kuitikia, namba haiteremki, na hakuna mtu anayekigusa kiputo cha ombwe kilichomo ndani ya mlima mpaka sababu ijulikane.

"Una homa?" aliuliza Asajile.

"Sina. Nionyeshe karatasi yako."

"Sheria inakataza kuonyeshana."

"Sheria inakataza kabla ya kuitikia. Mimi nimeshakataa. Geuza."

Asajile aligeuza. Aliandika kwa mwandiko mzuri kuliko wa mtu yeyote kituoni. Nusu ya kumi na sita, nane. Nusu tena, nne. Nusu tena, mbili. Kisha nukta imesogezwa hatua tatu, kwa kuwa kugawa kwa sifuri nukta mbili ni kukata nusu na kusogeza nukta, kisha namba ya mwisho kutoka kwenye jedwali la jouli: 3.20. Chini yake alikuwa ameandika kiwango ambacho ukuta wa kiputo unaweza kubeba, 3.27, na alama ya vema.

Tusekile aliondoa kiganja. Karatasi yake ilikuwa imejaa tarakimu kuanzia juu hadi chini, na mwisho wake palikuwa na 3.34.

Asajile aliipitia kwa ncha ya kalamu, mstari kwa mstari. "Umekosea mahali," alisema hatimaye.

"Nilidhani hivyo pia. Nimeifanya mara nne tangu alfajiri. Mara ya kwanza nilidhani kitabu ndicho kimekosea, uchapaji. Nimeazima kitabu maktaba, kwa ajili ya mtihani wangu wa stashahada. Kimeandika kwamba ile namba tunayogawa nayo si sifuri nukta mbili. Ni sifuri nukta moja tisa saba tatu tatu."

"Si ni hiyo hiyo? Tofauti ya unywele."

"Unywele mmoja. Lakini tunagawa mara ngapi?"

Asajile aliinua vidole vitatu.

Watu wa maabara waliishi katika vipimo vyao wenyewe, vipimo asilia. Kwao kasi ya mwanga ni moja, na kile kipimo kidogo kabisa cha asili, ambacho hesabu zote za chembe hukitegemea, nacho ni moja. Ukikubali hivyo, urefu na muda na uzito vyote vinageuka kuwa sura tofauti za nishati, na nguvu ya ombwe, yaani ya utupu wenyewe, inaandikwa kama nishati iliyopandishwa kwenye kipeo cha nne. Ni lugha safi. Lakini ukuta wa uga, ule ukuta wa nguvu usioonekana unaokizunguka kiputo, uliokuwa chini ya miguu yao, mita mia nane ndani ya mlima, haukuijua lugha hiyo. Ukuta ulijua jouli na mita. Ili kutoka kule kuja huku lazima urudishe kile ambacho wanafizikia walikificha ndani ya moja yao, na kwa kuwa chumba chochote kina urefu, upana na kina, unakirudisha, yaani unagawa kwa ile namba, mara tatu. Kosa la unywele mmoja, ukiliweka kwenye urefu, ukaliweka kwenye upana, ukaliweka na kwenye kina, linakuwa sehemu nne katika mia.

"Jedwali la jouli halina tatizo," alisema Tusekile. "Tatizo ni nusu mara tatu. Tukigawa nusu mara tatu tunaona ukuta utabeba. Tukifanya hesabu ndefu, mzigo umeshaupita uwezo wake."

"Miaka sita umebeba."

"Miaka sita kiputo kilikuwa juu juu. Ukuta ulikuwa unabeba nusu ya uwezo wake. Leo saa nane wanakizamisha hadi kina hiki, ili umeme ufike mpaka Kyela."

Asajile alichukua kalamu yake mwenyewe, akavuta karatasi mpya. "Nipe hiyo namba ndefu, halafu nenda dirishani. Sitaki unipumulie."

Tusekile akasimama dirishani. Nje mvua ilikuwa imekatika, ikayaacha mashamba ya chai yaking'aa. Chini ya mashamba hayo, katika nafasi ndogo kuliko kirusi cha mafua, watu walikuwa wameyeyusha utupu. Aliposikia habari hiyo kwa mara ya kwanza, akiwa na miaka arobaini na sita na kikapu cha ndizi mapajani, ilimfurahisha kama habari za mbinguni: kwamba mahali pasipo na kitu si patupu, pamejaa ile gundi inayoshika kwaki, zile chembe ndogo kabisa, ndani ya kila protoni ya kila mwili. Ukiiondoa gundi mahali padogo, ulimwengu wote wa nje unasukuma ili pafumbe, na kadiri kiputo kinavyozamishwa ndivyo unavyozidi kusukuma. Ukuta unauzuia, na kutokana na kule kusukuma ndiko umeme unakotoka. Ukuta ukishindwa, kiputo kinafumba kwa mara moja, na mlima unaondoka na watu wake.

Bwana, alisema moyoni, kama nimekosea, nionyeshe sasa kabla sijamsumbua mtu.

"Tatu nukta tatu nne," alisema Asajile nyuma yake. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Tusekile aligeuka. "Wenzetu wa kituo cha Nsongola wanazamisha lini?"

"Saa sita." Asajile alikuwa ameshasimama. "Ikama ni kesho. Wote wanasoma kama sisi, dada. Wote ni watoto wa Mwalimu Mwakibete. Wasomaji ishirini na wawili, vituo vitatu, darasa moja." Alishika kichwa. "Sikiliza. Nampigia Atupele wa Nsongola, namwambia arekebishe. Nawapigia wa Ikama. Kila mtu anaweka namba ndefu, anasema maabara imesahihisha. Kiputo kinabaki juu. Hakuna anayekufa, hakuna anayejua."

"Na sisi tunaandika nini hapa?"

"Tunaandika kwamba mama Lugano alikuwa na homa."

Tusekile alimtazama. Alikuwa anampenda mtu huyu. Walikuwa wamezikiana wazazi. "Asajile. Kwa nini tumekaa hapa, badala ya mashine?"

Asajile alijua. Kila msomaji alikariri kabla ya kupewa muhuri. Zamani kazi hii ilifanywa na mashine tatu zilizosahihishana. Katika kituo cha Mang'oro zote tatu zilikuwa zimejifunza kutoka chanzo kimoja, zikakosea pamoja, zikapongezana pamoja, na watu mia moja na kumi hawakuonekana tena. Ndipo ikaja Sheria ya Wasomaji: watu wawili, kalamu mbili, sauti mbili. Na ndipo kikawekwa kile kifungu ambacho wasomaji walikitaja kwa kunong'ona. Ikigundulika kwamba wasomaji wa nyumba moja, yaani wa kituo kimoja, wanashiriki kosa moja, nyumba inafungwa, vyeti vinarudishwa, na shule iliyowafundisha inafutwa.

"Tumekubaliana kwenye kosa," alisema Tusekile. "Sasa unataka tukubaliane kwenye uongo."

"Nataka tule, dada! Nina watoto watano."

"Najua. Wawili nimewasimamia ubatizo." Alikunja karatasi zote mbili, akazitia kwenye mfuko wa sweta. "Sasa ni saa tatu na nusu. Nakwenda kwa Mwalimu. Pengine ana sababu tusiyoijua. Usimpigie mtu mpaka nirudi, na muhuri usiuguse."

"Na kama hana sababu?"

"Basi nitakwenda kwa Mhandisi."

* * *

Shule ilikuwa ukumbi wa kanisa, mwendo wa robo saa ukiteremka. Mwalimu Anyelwisye Mwakibete alikuwa peke yake, mikono ya shati imekunjwa, anapaka ubao unga mweusi wa betri kuukuu uliochanganywa na maji ya majani. Serikali ilikuwa imempa ubao wa kioo miaka miwili iliyopita. Aliutumia kuanikia vitambaa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Tusekile. Saa hizi? Wamekufukuza?"

"Bado."

Mwalimu alicheka, akasogeza kiti kwa mguu. Tusekile hakukaa. Aliogopa kwamba akikaa atakuwa mwanafunzi tena.

"Mwalimu, ile sifuri nukta mbili tunayogawa nayo. Ni namba kamili?"

Brashi ilisimama ubaoni. "Nani ameuliza?"

"Kitabu."

Mzee aliweka brashi kwenye kopo. Alijifuta vidole kimoja kimoja, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Jioni ya kwanza mlikuja kumi na wanne," alisema. "Wauza viazi, mafundi cherehani, wewe na kikapu chako. Kama ningewaandikia sifuri nukta moja tisa saba tatu tatu, nusu yenu wasingerudi. Nikajiuliza, watu hawa wanajua nini tayari? Nikaona wote mnajua nusu. Mtu anayepima debe la viazi kwa macho anajua nusu, na nusu ya nusu, na nusu yake tena. Nikafurahi sana. Nikawapa nusu mara tatu. Kwa jioni ile tu."

"Hukutuambia ni kwa jioni ile tu."

"Nadhani nilisema."

"Daftari langu ninalo, Mwalimu. Niliandika kila neno. Hata ulipokohoa niliandika."

Mwalimu alitaka kucheka, ikashindikana. "Namba kamili ilikuwa somo la pili. Wiki ile kituo kikafunguliwa, wakaja na basi, wakawachukua nyote kwa mtihani. Mtihani ulikubali jibu lililokaribia kwa sehemu tano katika mia. Mkafaulu wote kumi na wanne. Waliokuja baadaye, nikawafundisha kama nilivyowafundisha wale waliofaulu." Alitazama mikono yake. "Miaka ikapita. Nikasahau kwamba kulikuwa na somo la pili."

Kwa hiyo hapakuwa na sababu iliyofichika. Tusekile alikuwa ameiomba njiani, tena kwa bidii, na sasa alijua jibu la ombi lake. Alimweleza yote: kina kipya, ukuta, Nsongola saa sita.

"Rekebisheni," alisema Mwalimu mara moja. "Sasa hivi. Lakini kimya. Jumamosi anakuja afisa kutia sahihi, shule iwe chuo. Jioni hii watu thelathini na mmoja watakaa hapa, Tusekile. Yule mama anayeuza mkaa ameanza kutafuta vipeo peke yake, hajui hata kama anachofanya kina jina. Jumapili baada ya ibada nitawaita wasomaji wote ishirini na wawili, niwape somo la pili. Hakuna atakayeumia. Nakuomba siku tano tu."

Mwalimu hakuwahi kumwomba kitu. Katika miaka sita alikuwa amempa kitabu, taa, na siku moja viatu. Tusekile aliushika mgongo wa kiti, hakukaa.

"Mwalimu, tukirekebisha kimya, kesho nani atatushtukia?" alisema. "Mimi nimeliona hili kwa sababu niliazima kitabu. Kosa linalofuata pengine kitabu chake kipo mahali ambapo hakuna wa kukiazima. Lazima watu wasiosoma hapa watukague. Na hawatatukagua kama hawajui kwamba tunaweza kukosea sote pamoja."

"Watafunga."

"Najua."

"Hawa thelathini na mmoja hawatapata mahali pengine."

"Hilo nalo najua, Mwalimu. Nimelia nalo njiani, ndiyo maana nimechelewa." Akavuta pumzi. "Na wakiniuliza nani alinifundisha, nitasema. Kwa heshima zote, nitakutaja."

Mwalimu aligeukia ubao. Ubao ulikuwa unakauka mabaka mabaka.

"Basi wape na mwaka," alisema mwishowe, akichukua tena brashi. "Waambie ni jioni ya kwanza ya mwaka ule. Wasije wakafikiri ni ninyi mliosikia vibaya."

* * *

Mhandisi Zulfa Mkwizu alipewa karatasi mbili saa tano kasorobo. Saa tano kamili alikuwa ameshamaliza kuzikagua kwa njia yake mwenyewe. Kisha aliinua macho ukutani, palipotundikwa ngao ya shaba, tuzo ya ufanisi wa kituo.

"Asilimia nne," alisema.

"Ndiyo, Mhandisi."

"Mama Tusekile, kila mwaka tangu tuanze, umeme wetu unazidi hesabu kwa asilimia nne. Nimepanda jukwaani mara mbili kueleza siri ya ufanisi wa kituo hiki. Nimeeleza vizuri kabisa. Nilionyesha na picha."

Asajile, aliyekuwa amesimama mlangoni, alijikuta anacheka, akaziba mdomo.

"Cheka tu," alisema Zulfa. "Mimi nitacheka wiki ijayo." Alikuwa mwanamke mfupi wa maamuzi ya haraka, na alishaamua. Aliwaita watu wa shimoni, akawaambia kiputo kibaki kilipo, saa nane hakuna kitu. Kisha akavuta simu yake. "Hapa tuko salama. Sasa sikilizeni. Nina haki ya kusimamisha kwa tahadhari ya mhandisi, siulizwi. Nampigia mwenzangu wa Nsongola, naye afanye vivyo hivyo. Mama, utarudi mezani, utaitikia namba ndogo, ya kina cha zamani. Fomu ya pingamizi haijajazwa. Wasomaji wanabaki, shule inabaki, ngao yangu inabaki. Sawa?"

"Piga kwanza," alisema Tusekile. "Watu kwanza. Hayo mengine tutayasema baadaye."

Zulfa alipiga. Walisikia sauti ya mwanamume mchangamfu, na nyuma yake mlio wa pampu zinazoanza kupashwa.

"Simamisha kidogo," alisema Zulfa. "Ahirisha hadi kesho."

"Kwa sababu gani?"

"Tahadhari tu. Nimepata wasiwasi na kina kile."

"Zulfa, mwenzangu, namba zangu zimesomwa mara tatu na kuitikiwa na wasomaji wawili. Nina muhuri mbele yangu, wino haujakauka. Una kitu gani zaidi ya muhuri?"

Zulfa alimtazama Tusekile. Alikuwa na kitu zaidi ya muhuri mkononi, kurasa mbili nzima, lakini kukisema ni kukisema chote.

"Nina uzoefu," alisema.

"Una ngao!" Mtu yule alicheka. "Hutaki tukufikie, ndiyo tahadhari yenyewe. Nimeanza kupasha. Tuonane kwenye sherehe." Simu ikakatika.

Ilikuwa saa tano na dakika ishirini na tano.

"Nampigia tena," alisema Zulfa.

"Utamwambia nini?" aliuliza Tusekile. Hakukuwa na lawama katika sauti yake. "Mtu mwenye muhuri hawezi kusimamishwa na mtu mwenye wasiwasi. Hata mimi nisingesimama. Tulimfundisha kuamini muhuri, naye ameamini. Nipe laini ya Tume, Mhandisi."

Laini ya Tume ya Ombwe ilisikika katika vituo vyote vitatu kwa wakati mmoja, na kilichosemwa humo hakikufutika. Zulfa alikisogeza kipaza sauti mbele ya Tusekile, lakini kidole chake kilibaki juu ya swichi.

"Ukisema, hurudishi," alisema.

"Najua, mwanangu. Washa."

Asajile alikuwa ameshikilia fremu ya mlango kwa mikono miwili. Tusekile alimgeukia, akamngoja. Kwa muda Asajile hakusogea. Halafu akaja, akasimama kando yake, bega kwa bega.

"Sema na jina langu," alinong'ona. "Tulikosea wawili."

Swichi iliwashwa.

"Mimi ni Tusekile Mwaipaja, msomaji wa pili, Lusungo. Niko na Asajile Mwandemele, msomaji wa kwanza. Natoa pingamizi. Namba ya kugeuzia tunayotumia si sahihi. Tumeikosea kwa miaka sita, na kosa hilo liko katika vituo vyote vitatu. Kina cha leo kinapita uwezo wa ukuta kwa sehemu mbili katika mia. Nsongola wanazamisha saa sita. Wasimame."

Ikajibu sauti ya afisa wa Tume, mtu wa makamo, asiye na haraka. "Msomaji, unaelewa pingamizi la aina hii linaifanya nini nyumba yako?"

"Naelewa."

"Kosa mlilipata wapi?"

"Shuleni, jioni ya kwanza. Mwalimu wetu ni Anyelwisye Mwakibete. Alitupa namba iliyokaribia ili tusiogope, akakusudia kutupa kamili, tukachukuliwa kazini kabla. Sisi hatukuuliza. Mimi binafsi nilikuwa na miaka sita ya kuuliza."

"Wasomaji wa Nsongola wameitikia namba hiyo hiyo asubuhi ya leo bila tatizo."

"Walisoma nasi."

"Wahandisi wa Nsongola hawajaona hitilafu."

"Wataona wakiangalia umeme wao. Utakuwa unazidi hesabu kwa asilimia nne kila mwaka, kama wetu."

Mahali fulani kwenye laini mtu alitukana kwa sauti ya chini.

"Msomaji," alisema afisa, "unaniambia wasomaji ishirini na wawili, waliofundishwa na mtu mmoja, wote wamekosea. Na wewe umefundishwa na mtu huyo huyo. Sasa mimi nikuamini wewe kwa msingi gani?"

Tusekile aliinama karibu na kipaza sauti. Hakuwa na hofu tena. Ilikuwa imeondoka bila yeye kujua, labda kule mteremkoni.

"Usiniamini," alisema. "Hesabu. Sifuri nukta moja tisa saba tatu tatu. Gawa mara tatu, kwa mkono, usikate tarakimu. Mtu yeyote aliye kwenye laini hii, mwenye kalamu, ahesabu sasa. Hamtakawia, ni dakika sita."

Ikawa dakika nane. Kupitia kipaza sauti walisikia karatasi zikigeuzwa, kalamu, kikohozi, mtu akinong'ona "beba moja, beba moja." Pampu za Nsongola ziliendelea kunguruma nyuma ya hayo yote. Zulfa alikuwa anatazama saa. Asajile alikuwa anatazama sakafu. Tusekile alisali, bila maneno, jinsi mtu anavyoweza kukaa na mwenzake bila kuzungumza.

Kisha mngurumo ulipungua. Ukapungua tena. Ukakata.

"Nsongola," ilisema ile sauti ya mwanamume mchangamfu, na sasa haikuwa na uchangamfu. "Tatu nukta tatu nne. Tumesimamisha."

"Ikama. Tatu nukta tatu nne. Hatutazamisha."

"Tume imepata hivyo hivyo," alisema afisa. Akanyamaza kidogo, kama mtu anayetafuta neno jepesi akalikosa. "Kwa mujibu wa kifungu, nyumba za wasomaji za Lusungo, Nsongola na Ikama zimefungwa kuanzia sasa. Vyeti virudishwe leo. Mwalimu Mwakibete ataitwa. Msomaji Mwaipaja, nawe utaitwa kama shahidi."

"Nitakuja."

Laini ilikatika. Zulfa aliing'oa ngao ukutani, akailaza kifudifudi juu ya kabati, akatoka kwenda shimoni bila kuaga. Asajile aliketi kwenye kiti cha mhandisi, akaanza kuhesabu kwa vidole, na Tusekile alijua anawahesabu watoto.

Simu ya Tusekile ililia mfukoni. Alikuwa Atupele, msomaji wa Nsongola, waliyekaa naye dawati moja shuleni.

"Tusekile."

"Nakusikia, dada."

"Nimejenga nyumba mpaka lenta. Unajua? Mpaka lenta! Nilikuwa naezeka mwezi ujao."

"Nilikuwa najua."

"Mimi ndiye niliyeitikia leo asubuhi. Kwa sauti, tena nikiimba." Pumzi yake ilikuwa inakatikakatika. "Humu ndani tuko watu sitini na mmoja. Nimewahesabu sasa hivi. Yule mpishi amekuja na mtoto mgongoni."

Tusekile aliibana simu sikioni.

"Nitakukasirikia, dada. Nitakukasirikia sana, sidhani kama itaisha mwaka huu. Lakini ni kesho. Leo niache niwapigie wanangu."

"Wapigie," alisema Tusekile. "Kesho nipigie mimi. Nitapokea."